Kwa Mzee Tuliyekataa Kumzika

Mpendwa Mzee wetu, wewe uliyetuandikia habari za jitu linalomeza mito,

Hunijui, na sikulaumu, ulikuwa na falme nyingi za kuangalia. Lakini mimi nakujua kuliko jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Nakuandikia kutoka Arua mjini, kwenye baraza la duka lililofungwa. Hapa nina kiti kimoja, kioo kimoja, mashine ya kunyolea ya mkono, na sifa inayofika mpaka Sudan. Nimenyoa Jinja, nimenyoa Bunia, nimenyoa Juba kwenye joto la kufanya wembe uunguze kidole. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tunabishana mpaka leo. Nasema haya ili ujue kwamba hujaandikiwa na mtu ambaye hajaiona dunia.

Siku redio ya Kiingereza iliposema umekufa, nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja. Walikutaja kidogo tu, kisha wakaenda kwenye habari za michezo. Nikazima. Upande wa kushoto nilikuwa nimeshamaliza, upande wa kulia mkono ukakataa. Yule bwana ni msikilizaji wa zamani wa kitabu chako. Alijitazama kwenye kioo, akasema, "Huu mwingine acha hivyo, ni wa Mzee." Akaenda nyumbani kwake hivyo hivyo, mbele za watu.

Nakumbuka ulivyofika. Mwenye duka hili alikuwa Mhindi, nami nilimnyoa miaka yote. Yeye na wenzake walipoamriwa kuondoka nchini, alibaki na sanduku dogo na vitabu viwili, kimoja cha dini yake, na wewe. Akavipima mkononi, huku na huku. Mwisho akanikabidhi wewe, akaniambia, "Fundi, huyu mzito. Lakini usimpe mtu akafungie karanga." Maana unajua, Mzee, au labda kwenu haiko, huku kwetu vitabu vingi huishia sokoni, karatasi moja kwa karanga za kiganja kimoja.

Wewe hukufungiwa karanga. Nilianza kukusoma kwa sauti ili mteja mmoja asiyetulia akae kitako. Kiingereza chako kina milima, nami nilipanda kwa gia ya kwanza. Njia ilipopotea nilifyeka ya kwangu kwa Kiswahili, na kila mara nilikufikisha. Nikasoma jinsi jitu lilivyolala kwenye chanzo cha mto likinywa tu, na jinsi Malkia wa bonde lililokauka alivyowaambia watu wake: kila mmoja achukue maji mdomoni, tuvuke mlima, tukauanzishe mto upya upande wa pili. Atakayesema neno moja njiani atakuwa amemwaga fungu lake.

Baraza likajaa. Vijana wa kijiji cha Onduparaka, ambao hawajui kitu duniani ila mpira, wakagawanyika pande mbili. Nusu wakalishangilia jitu, wakidai kwamba beki wa namna ile hapatikani. Mama Ayikoru, anayeuza pombe ya kwete hapo mbele, alisogeza mtungi wake karibu asikose neno. Alisikia habari za jeshi linalovuka mlima bila kusema, akauliza kama pia halidai pombe ya bure. Nikamwambia halina nafasi mdomoni. "Basi hilo jeshi," akasema, "hilo nitalipikia mimi mwenyewe." Watu walicheka wakitazama barabarani kama kuna askari.

Siku za soko la Koboko nilikubeba kwenye basi, nimekufunika kwa shuka la kunyolea. Kule Wakakwa, wenyeji wa pale, wakasikiliza, wakanyosha vidole kwenye mlima wa Liru, wakasema mlima wako ndio ule. Nibishe kwa nini? Ungeuona asubuhi ukiwa na wingu kichwani, na wewe ungekubali.

Kule ndiko ulikomnasa Papa Bosco, mfanyabiashara wa Kongo, muuza vitenge. Akikosa siku moja anataka turudi mwanzo, na tunarudi. Ndiyo maana tumekusoma mara tatu nzima, na mara zote tatu mimi mwenyewe, ambaye nimelala Juba mahabusu bila kutoa chozi, nimelia pale mtoto wa Malkia anapomwita mamake kutoka bondeni naye hawezi kumjibu.

Basi ulipokufa, Mama Ayikoru akasema haiwezekani mtu aliyetushibisha hivi afe kama mbuzi aliyegongwa na lori. Alale msibani. Tukatandika mkeka barazani, tukakuweka wewe kitabu katikati. Ngoma zikaja, Papa Bosco akaja, nikanyoa vichwa vya waombolezaji bure.

Hapo tukagonga ukuta. Kwetu marehemu hazikwi mpaka wajomba zake, kaka za mama yake, wafike na kusema neno lao. Wajomba zako wako ng'ambo ya bahari. Watu wakatazamana. Papa Bosco akasimama akijifuta mikono.

"Mutu mukubwa kama huyu hana wajomba hapa? Basi mimi ni mujomba yake. Mama yake ni dada yangu, tulipoteana tu."

Tulicheka mpaka machozi yakachanganyika na yale mengine. Mama Ayikoru akampa kibuyu cha kwanza, kama anavyopewa mjomba.

Ndipo akaja Katekista Andama. Hakupiga kelele, angalau hilo nampa. Alisema msiba usio na kaburi ni kuita mzimu. Kama mmelia, zikeni. Akakunyoshea kidole pale mkekani. Nikamwambia hiki ni kitabu, siyo mwili.

"Kama siyo mwili," akasema, "mbona mmekilaza na kukililia?"

Mimi, Mzee, mimi mwenye mdomo huu, nikawageukia wazee wanisemee. Wazee wakatikisa vichwa kumkubali yeye, maana desturi ilikuwa upande wake. Mtu akaleta jembe. Hakuna nakala nyingine yako kutoka hapa mpaka Juba, nina hakika, nimetafuta. Jembe likagusa udongo kando ya baraza. Nikapiga magoti mkekani nikakushika kwa mikono miwili. Katekista akaona nimekwama, akasema kwa upole, "Mjomba si yupo? Aseme yeye." Alidhani Papa Bosco ataona haya ya mzaha wake.

Papa Bosco hakuona haya. Akasema:

"Huyu mupwa yangu nimemusikia mara tatu. Mara ya tatu aliniambia kitu hakuniambia mara ya kwanza. Mutu iko anaongeza maneno, munamuzika namna gani? Sawa. Ule mwenye amemaliza kumusikia, achimbe."

Mwenye jembe alitutazama, akatazama udongo, akaliegemeza jembe ukutani. Kisha akakaa chini, akauliza tutaanzia wapi.

Tulianzia mwanzo.

Jumapili Katekista alitangaza kanisani kwamba kwa kinyozi kuna maiti isiyozikwa, na anayekwenda pale atarudi na harufu yake. Nimepoteza wateja, sikufichi. Sasa nasikia anataka kumweleza chifu kwamba tunakusanyika bila kibali, na siku hizi neno kama hilo siyo mchezo. Kuna watu wameitwa kwa dogo zaidi, na viti vyao bado vitupu. Mama Ayikoru anasema waje tu, atawapa kwete wakae wasikilize, sura ya tatu haijawahi kumwachia mtu aondoke. Mimi nimekisogeza kiti changu mpaka ukingo wa barabara. Nasoma kwa sauti ya kulishinda lori.

Wasomi wa mjini wananiuliza hekaya za majitu zina faida gani kwa watu wazima. Nawajibu hivi. Katika miaka hii ambayo sote tumefunga midomo, kila mtu nyumbani kwake akiona aibu ya kufunga kwake, wewe ulikuja ukatuonyesha watu waliofunga midomo kwa sababu ndani mlikuwa na mto. Tangu hapo nikimwona mtu kimya simdharau. Najiuliza amebeba nini, na atakwenda kukimwaga wapi.

Kwa hiyo kaa kwa amani huko, Mzee wangu, ila usistarehe sana. Kwenu wamekuzika, wameimba, wameweka maua, na ni haki yao. Huku kwetu bado hatujakuruhusu kufa.

Ni mimi, mpwa wa mjomba wako wa Koboko,
Kinyozi wako wa Arua