Boti ya Baba Chini ya Mawe ya Kufulia

Mama yangu, jambo huko kambini Kigoma. Ule twiga wa ku picha ya hii karte umusamehe, huku kwetu mu muji ya Baraka twiga hayuko. Leo ilikuwa siku ya maboti tu!

Vita imetulia, basi bantu bote balishuka ku ziwa kuinua maboti yenye balizamishaga na mawe, juu basoda ba vita basibebe. Ya marehemu Baba, aliificha bila kutuonyesha fasi aliiweka. Mukubwa wangu, Yaya Asukulu, alipiga mbizi mpaka macho ikakuwa nyekundu. Hakuna kitu. Nikaanza kulia.

Jirani yetu Mama Riziki akachoka kutuangalia, akapanda juu ya mawe yake ya kufulia pale pembeni ya maji, akaanza kufula nguo. Asukulu akaona ubao ya bulu, rangi ya boti yetu, karibu na miguu yake. "Mama, shuka! Unasimama ndani ya boti ya Baba!"

"Hii? Nafuliaka hapa vita yote!"

Tulicheka mpaka tumbo ikauma. Tulitoa mawe, tukavuta na kamba, boti ikatoka muzima, na kopo yako ya kuchotea maji imefungwa nyuma.

Sasa inakauka ku kivuli, Asukulu anatafuta moteri. Mama, bakikuita kupanda boti ya bantu bengine ya kurudi huku nyumbani, ukatale. Ya kwako iko inakuja.

Mutoto wako, Nyota