Keki ya Kasa

Diani, Jumanne

Yaani leo nimeoka keki ya siku ya kuzaliwa ya kasa!

Watafiti walimkata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele, wakasoma vinasaba, wakasema ana miaka thelathini na minne, labda izidi au ipungue kidogo. Meneja wa hoteli akaagiza keki. Wageni wakapiga makofi, kasa akajikokota akarudi baharini bila hata kututazama.

Mimi nimepewa barua ya kustaafu. Kitambulisho kinasema nimetimiza sitini tarehe moja Januari, siku ile ile waliyozaliwa ndugu zangu wote watano! Karani wa vitambulisho alitutazama nyuso tu, akakisia, akaandika. Marehemu mama alinihesabia miaka pungufu ya hapo.

Nikamweleza meneja, naye akajibu: "Mama, kitambulisho hakikosei."

Basi nikamfuata mtafiti, nikamnyooshea mkono. "Mwanangu, nikate na mimi."

"Pole mama, kibali chetu ni cha kasa tu."

Kwetu Kinango tulipimwa kwa mkono: upitishe juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, umri wa shule umefika. Nimejaribu sasa hivi mbele ya kioo. Sikio nimeligusa.

Kesho nitamwambia meneja ndiyo kwanza naanza darasa la kwanza.