Dada, Waambie Nilivyokuwa

Manga,
S.L.P. 62,
Kisii.
Jumanne, 11 Septemba 1973

Mpendwa dada Persis, mama yake Bosibori,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani hadi huko pwani. Macho yanaendeleaje? Yale matone uliyopewa yamesaidia, au bado unaona watu kama wako nyuma ya moshi? Na shemeji Nyamweya, mguu wake umepoa? Huku mvua inanyesha kila alasiri na nguo hazikauki. Sisi tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua si wewe unayesoma. Ni Bosibori, na Kikisii chake kimebaki cha kuomba chai tu. Bosibori mwanangu, hujambo? Msomee mama yako polepole. Kuna mahali utafika utatamani kuruka, kwa sababu mambo yenyewe yanakugusa. Usiruke. Mimi mama yako mdogo nakuomba, na nakuamuru pia.

Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike. Chai imechipuka vizuri, mikono yetu imekuwa myeusi kama ya mafundi baiskeli. Hayo ndiyo mema, nimeyamaliza.

Dada, wanataka kunichukulia Angwenyi.

Unajua baba yake, Ombui, anaendesha lori la majani chai. Mwezi wa saba, siku ya mvua, alikuwa anateremka kutoka kituo cha majani, lori limejaa, barabara utelezi mtupu. Kwenye kona ya mashine ya kusaga akakuta mtoto amesimama katikati ya njia, mikono masikioni, hasogei. Akapiga honi. Mtoto badala ya kukimbia akaketi chini. Lori lilisimama likiwa limelala mtaroni. Ombui aliposhuka ndipo akaona ni wake.

Angwenyi hutoroka kwenda kwenye mashine ile. Si kwa utundu. Huweka kiganja chake ukutani nje, mahali injini inapotetemeka, na hapo anatulia kama mtu aliyefika kwao. Shida ni njia ya kwenda na kurudi. Ana miaka saba na hajui gari ni nini, au anajua na kelele zinamfunga miguu, sijui.

Tangu siku ile baba Angwenyi si yule unayemjua. Anaweza kunawa mikono mezani halafu anasahau kula. Ananiambia, "Nyanchera, nitamuua kwa mkono wangu mwenyewe. Siku moja breki zitakataa." Simchukii, dada, nataka ujue hivyo. Anaogopa. Lakini hofu yake inataka kunipokonya mtoto.

Mama mkwe, Kwamboka, naye amechoka. Kwa kuwa mtoto alipewa jina la marehemu mume wake, humwita mzee wangu. Zamani nyumba ilijaa vicheko. "Mzee wangu, leo umeniletea nini kutoka sokoni?" na mtoto bado yuko mgongoni. Siku hizi utani umechacha. "Huyu mzee amerudi na kiburi. Nilimpikia maisha yangu yote, leo ananipita kama kisiki!" Watu wanacheka, yeye anajifuta pua kwa leso. Nikienda kuchuma chai humfunga mtoto kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya ng'ombe. Nilipomlilia aliniambia, "Wewe unataka nimwachilie afe, halafu useme nani amemuua?" Jioni namfungua, nampaka mafuta viganjani na kwenye vifundo vya mikono.

Ndiyo maana mwezi wa nane tulimpeleka Nairobi, kwa daktari wa watoto, mama wa Kihindi. Muuguzi mmoja wa kwetu, wa Kiogoro, akawa anatutafsiria. Daktari akaniuliza, "Huwa anakutazama machoni?" Nikajibu kwa furaha, "Hapana daktari, ana adabu sana." Muuguzi akaziba mdomo. Daktari hakucheka.

Kwani nilikosea wapi, dada? Si kwetu mtoto hafundishwi kumkodolea mkubwa macho? Mtoto akiinamisha uso, watu wanasema huyu amelelewa. Angwenyi hakumtazama mtu tangu akiwa wa kubebwa, na mimi kila Sabato nilitembea kwenda kanisani shingo ndefu. Akina mama walikuwa wakiwaambia watoto wao, "Mwoneni Angwenyi, hasumbui." Tulimsifu kwa lile ambalo lingetuambia mapema.

Daktari akaendelea. Huwa anakuonyesha kitu kwa kidole? Akipata mdudu mzuri anakuletea uone? Akiitwa jina anageuka? Nikawa napungua kwenye kiti. Mwisho akasema jina la hali yenyewe. Ni otizimu. Nilimwomba muuguzi aniandikie kwenye bahasha ili nisilipoteze.

Alisema si wazimu, si kifafa, wala si laana ya mtu. Ni namna kichwa chake kilivyoumbwa. Sauti zote humwingia kwa mara moja, kama watu waliosukumana mlangoni, na watu wanamchosha kama mzigo unavyotuchosha sisi. Haina dawa. Lakini anafundishika, polepole, na watu anaowajua, mahali anapopajua. Akasema pia kuna madaktari huko ng'ambo wanaodai inaletwa na mama asiyempenda mtoto, na kwamba yeye haamini hivyo hata kidogo. Basi, kurudi nyumbani baba Angwenyi alikuwa amebeba maneno mawili tu katika yote yale: haina dawa, na mama.

Mama mkwe alikuwa na lake tayari, ati nilitoka nje ya ndoa nikiwa na mimba, ndiyo maana mtoto akazaliwa hivi. Kwa hiyo Nairobi kosa ni langu, na Manga kosa ni langu. Ningependa kujua ni mahali gani naweza kupanda basi niende, nikute kosa si langu.

Sasa mdogo wa marehemu baba mkwe, Mzee Nyangau, amepata mtu wa kumpokea mtoto katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali. Anasema, "Huko kuna mlango wa chuma. Hatatoka barabarani." Anasema kwa upole kabisa, kama anayeniletea zawadi. Wazee wa nyumba watakaa Jumapili tarehe thelathini wakubaliane. Ombui ameshakubali moyoni, naona anavyomkwepa mtoto, hataki kumzoea tena.

Bosibori, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Dada, daktari alipokuwa akiuliza habari za Angwenyi, mimi nilikuwa najibu habari zangu.

Mama alipokufa nilikuwa natambaa, na wewe ukatolewa shule unilee. Unakumbuka nilivyochelewa kusema? Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu. "Nyanchera anasema ameshiba. Nyanchera anasema hataki sweta." Nilikaa nyuma ya ghala nikipanga maharagwe, meusi na meusi, mekundu na mekundu, na mtu akiyatawanya nilipiga kichwa ukutani mpaka damu. Harusini, akina mama walipoanza vigelegele, niliingia chini ya kitanda. Wewe hukunipiga. Ulinizungushia koti zito la baba, ukanikumbatia kwa nguvu mpaka nitulie. Nani alikufundisha? Hakuna. Leo namzungushia Angwenyi koti la baba yake hivyo hivyo, na linamsaidia hivyo hivyo.

Na usidhani iliisha nilipokua. Salamu za kanisani nazipanga njiani: nikikutana na fulani nitasema hivi, akiuliza watoto nitajibu vile. Sokoni Ikonge naenda kabla wachuuzi hawajatandaza, na nikirudi nalala kifudifudi. Watu wanasema mke wa Ombui anaringa. Kuchuma chai ndiyo kazi iliyoniokoa, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na hakuna anayeniuliza kitu. Barua pia naziweza, kwa sababu unayeandikiwa hayuko mbele yako.

Nilimuuliza yule daktari, "Na mtu mzima anaweza kuwa nayo?" Muuguzi akasita, halafu akamwambia. Daktari akanijibu, "Mama, kwani unafikiri watoto hawa hukaa watoto?"

Nimelia, lakini si kwa uchungu peke yake. Ni kama mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba anachelewa kwa uvivu, halafu siku moja mtu anampima miguu na kukuta mmoja ni mfupi. Mguu haurefuki. Lakini unaacha kujitukana.

Nimekwisha kujua mimi ni nani, dada. Angwenyi ni mimi, ila yeye amepewa nyingi na mimi nikapewa kidogo. Nami sikufungiwa kwenye mlango wa chuma.

Najua umeshaona ninakoelekea. Jumatano iliyopita alikuja kwangu esigani wa wale watu wa Ikonge wanaomtaka Bosibori. Mwanangu, esigani ni mshenga anayetumwa kuchunguza nyumba ya msichana kabla ya ndoa, kama kuna uchawi, kama kuna kifafa, kama kuna wazimu. Huyu ni Bibi Bathsheba, mzee mwenye maneno matamu. Alikunywa chai, akasifu ndama, akasema, "Basi, binti yangu, nyumba ya akina Persis iko safi?" Macho yake yalikuwa kwa Angwenyi, aliyekuwa anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa nyumba ya Ombui," nikasema.

"Ee, lakini mtoto huwa na nyumba mbili."

Nikamwambia arudi mwezi ujao, nina kazi ya chai. Alicheka. "Hata chai hulala, binti yangu."

Dada, mimi nami nilichunguzwa hivyo. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia. Esigani wangu alikuuliza, "Mbona huyu msichana haniangalii?" Ukamjibu, "Ana adabu." Ulinisitiri kwa neno hilo nikapata nyumba, na sikukulaumu hata siku moja. Lakini ndilo neno nililompelekea daktari. Nimelitoa kwako nikamvisha mwanangu.

Ninachokuomba ni hiki. Njoo kabla ya tarehe thelathini. Wazee hawa hawataniamini, watasema nimejipa hali hiyo ili nimkomboe mtoto. Mama hayupo, baba hayupo. Mtu aliyeniona nikikua ni wewe peke yako. Simama mbele ya Mzee Nyangau na Ombui uwaambie nilivyokuwa, yote, na kichwa ukutani pia. Waambie ulinizungushia koti, hukunifunga kamba. Kisha wanitazame: napika, nachuma, nasoma, nimezaa. Waone mtoto huyu anaweza kwenda wapi. Kama macho hayaruhusu safari, sema na Bosibori aandike, uweke kidole chako chini, wanaume hawa wanakiheshimu kidole cha mtu mzima.

Bei yake naijua. Hujapanda basi la kurudi, Bibi Bathsheba atakuwa ameshasikia, na wale wa Ikonge wanaweza kurudi nyuma. Bosibori mwanangu, sikuombi kana kwamba ni kitu kidogo. Mama yako aliniandikia kwamba kijana ni mpole na unampenda. Lakini nakuuliza mimi, wewe ukiolewa kwa neno hilo la adabu, na ukajaliwa Angwenyi wako, utamwambia nani? Mimi sikuwa na wa kumwambia. Kama kijana ni mpole kweli, mwambie mwenyewe kabla ya esigani, umwone uso.

Bibi Bathsheba nami sitamdanganya. Lakini sitamwambia kabla yenu. Nimefunga mdomo nikiwangoja.

Na kama hamtakuja, sitakasirika, ila sitanyamaza. Nitasema mwenyewe mbele yao. Unajua sauti hunipotea watu wakiwa wengi. Ikinipotea, nitaketi chini karibu na mtoto wangu, na yeyote atakayemwinua itabidi atuinue wawili.

Haniiti mama, dada. Bado. Lakini nikiimba wimbo wa Sabato nikiwa nakoroga ugali, huja akaweka kiganja chake kooni mwangu, vile anavyokiweka kwenye ukuta wa mashine. Hukaa hapo mpaka wimbo uishe. Nami siku hizi naurudia, ugali unaungua, mama mkwe anagomba.

Msalimie shemeji Nyamweya, aupumzishe mguu. Wasalimie wadogo zake Bosibori, kila mmoja kwa jina lake. Mama Kwamboka anakusalimu, anasema ukija umletee mkeka wa pwani, na akasema hilo bila kujua nakuitia nini. Nyasae, Mungu wetu, akuongezee nuru ya macho, hata kama ni ya safari hii moja tu, na akulipe kwa shule uliyoiacha kwa ajili yangu.

Ni mimi uliyenibeba mgongoni, nikupendaye sana,

Nyanchera

Bosibori, umefika mwisho. Asante, mwanangu. Sasa usimkodolee mama yako macho. Kaa tu karibu naye, atasema akiwa tayari.