Sigara ya Baba Mkwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Waalaikumu salaam. Sisi huku Amu tu wazima, na mamako amerudi salama kutoka Kiunga. Umeniuliza utamwambiaje shemeji yako mnayeishi naye aache kuvuta sigara sebuleni, na mtoto ana pumu.

Mamako naye alikuwa na pumu utotoni. Daktari aliniambia moshi wa sigara ndio unaomchokoza. Aliyevuta ni baba mkwe, humo humo tulimoketi, na hapakuwa na wa kumkataza. Siku moja mtoto alihema mpaka mbavu zikabonyea. Nikaichukua ile sigara mkononi mwa mzee, nikaizima ndani ya kikombe chake cha kahawa.

"Bi Khadija, hii ni nyumba yangu," akasema.

"Ni yako, baba. Lakini pumzi ni za mwanangu. Ukitaka kuvuta, ndia ya nje ni ile."

Akainuka na sigara zake, akatoka. Tangu siku ile alivutia barazani, nami nikafunga mlango. Mtoto akaanza kulala bila kukohoa.

Sikumtaka radhi mpaka anakufa, na leo pia nisingemtaka. Mwambie shemeji yako, mwanao akiwa mikononi mwako.

Nyanya yako,
Khadija