Inchi Sita kwa Tano

Mwandoya, 3 Juni 2024

Dada Esteria,

Mwangaluka. Huku tu wazima, ng'ombe pia. Kifua chako kinasemaje?

Habari za baka jekundu lililokutoka baada ya sindano ya pili ya kansa nilizipeleka kwa mganga. Akapasua kuku, akasoma: mchawi ni mwanamke aliyekuosha kifua wakati wa mionzi. Aliyekuosha ni mke wangu Sayi, hakuna mwingine. Jana nimemrudisha kwao. Na wewe acha hizo sindano, mganga anakutengenezea dawa.

Mdogo wako,
Shija

Bariadi, 7 Juni 2024

Shija,

Salamu nimepokea. Zangu zisubiri hasira ipungue.

Baka hilo nimelipima kwa futi yangu ya kushonea. Inchi sita kwa tano, pembe nne, kingo zimenyooka kuliko suruali yoyote niliyokushonea. Mchawi gani wa Mwandoya anachora hivyo? Wewe boma lako ulijenga mchana, macho wazi, na limepinda.

Huo mstatili aliuchora fundi wa mionzi mwaka jana, kwa kalamu, Sayi akiona. Daktari anasema dawa ya sindano inaweza kuiamsha ngozi iliyopigwa mionzi, palepale, hata kama ilishapona. Kanipa mafuta ya kupaka, sindano kaisogeza wiki tatu. Siiachi.

Nikioshwa, wewe ulikuwa wapi? Mnadani. Sayi alinilisha uji kwa kijiko wiki tano, leo unamwita mchawi, na unajua huku kwetu jina hilo linaua. Kamfuate. Na huyo kuku, angalau mlimla?

Dada yako,
Esteria

Mwandoya, 20 Juni 2024

Dada,

Mwangaluka. Natumaini umepata nafuu.

Nimefika kwao Sola, Sayi hayupo. Baba yake hakunipa hata kiti. Na mimi, dada, nilishamtaja mnadani. Sasa watu wanalitembeza jina lake, wengine hata hawamjui. Naogopa wakimpata kabla yangu.

Kuku aliondoka na mganga.

Mdogo wako,
Shija

Bariadi, 25 Juni 2024

Shija,

Mwangaluka. Baka limeanza kufifia, sindano ni Alhamisi.

Sayi yuko kwangu tangu siku ulipoandika barua ya kwanza. Ndiye anayenipaka mafuta. Nilitaka kukwambia, akasema, "Wifi, mwache kwanza atembee."

Harudi mpaka usimame mnadani, siku ya mnada, mahali ulipomtaja, useme kwa sauti ileile kuwa ulikosea. Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyoikata kwa kipimo cha baka. Waonyeshe pembe zake.

Usiikunje.

Dada yako,
Esteria