Ilianza Jumapili

Butembo, 20 Machi 2001

Kwako Yaya Timothée, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, mke wako Bénite na watoto. Hapo Beni mnalalaje? Barabara ikifungwa tunakaa tu bila habari zenu. Mimi ni mzima, ila nimechoka hata kuketi ni kazi. Wauguzi tumebaki wawili kwa wagonjwa arobaini, na majeruhi wa vita bado wanaletwa.

Mama yuko kwangu tangu juma lililopita. Alikimbia kutoka Kasugho kwa miguu pamoja na majirani, akafika Jumapili nilipokuwa nimetoka zamu. Kabla hata ya kunywa maji akaniambia, "Kaswera, moyo yangu iko naruka-ruka." Nikamjibu, "Ni woga tu, Mama. Batu bote sasa moyo yabo iko naruka." Nikaenda kulala. Yaya, niliamini nilichosema, maana kila anayetoka huko ananiambia hivyohivyo. Sikumshika hata mkono nihesabu mapigo.

Jumatano asubuhi alianguka jikoni. Tulimpeleka hospitali, Daktari Ézéchiel akamsikiliza, akasema moyo unapiga ovyo. Akaeleza kwamba kama haujafikisha siku mbili hivyo, dawa ya kuurudisha kwenye mwendo wake inatolewa mara moja. Zikipita, huenda damu imeganda ndani, na moyo ukirudishwa ghafla unaweza kusukuma lile bonge hadi kichwani. Hapo mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda, majuma kadhaa.

Dawa ilitolewa siku hiyohiyo. Jioni moyo ulitulia, tukamshukuru Mungu. Alhamisi asubuhi mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kuume umekufa, hasemi tena. Daktari anajilaumu mpaka leo.

Kosa si lake. Aliponiuliza, "Ilianza lini?" nilijibu, "Leo asubui, Docteur." Niliona haya, mimi muuguzi wa miaka kumi na miwili, kusema nilimwacha mama yangu siku tatu. Na Mama alikuwa anasikia. Aliniangalia, akanyamaza. Alikuwa bado anaweza kusema, Yaya, na alinifichia aibu yangu.

Kesho nitamwambia Daktari. Nimeanza na wewe ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Usiponijibu nitaelewa, lakini njoo umwone Mama.

Barua hii anaileta Abdias wa kanisani. Nisalimie wote wa hapo kwenu Mulekera. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako,
Kaswera