Maji ya Baraka na Kibao cha Krispini

Mgodini, Mpanda
7 Februari 1954

Mzee Rafaeli, tumsifu Yesu Kristu.

Leo ni mwezi wa tano tangu niondoke Kibaoni. Mgongo unauma, viganja vimekuwa magome, ila nakula na ninalala. Nyie wazima hapo? Na binti yako Hilaria, ninayemposa?

Nimempa Kasimu wa lori akuletee kibao nilichochora mwenyewe. Ni kidogo kama kiganja: mraba mweusi, ndani yake pembetatu nyekundu, katikati duara jeupe. Siku moja taa yangu ilizimika shimoni. Niliogopa, nikasali Baba Yetu nimefumba macho, nikaona hivyo hivyo: mwanga usiotoka kwenye taa. Kueleza zaidi sijui, shule niliacha mapema. Kitazame taratibu.

Mwanao,
Krispini


Kibaoni
2 Machi 1954

Krispini,

Milele amina. Sisi wazima, mpunga umestawi.

Kibao chako hakina msalaba, hakina mtakatifu, hakina hata mtu. Pembe tupu! Mimi katekista, alama za namna hiyo nimeziona kwa waganga. Nikakinyunyizia maji ya baraka. Rangi zikakimbia mbele ya macho yetu! Nyekundu ikatiririka mpaka kwenye kanzu yangu. Mke wangu akapiga yowe, jirani Evodi akatokea dirishani. Shetani hayawezi maji yale.

Uchumba nimeusimamisha. Hilaria anacheka tu, sijui anacheka nini. Usijiite tena mwanangu.

Rafaeli, baba wa Hilaria


Mgodini, Mpanda
11 Aprili 1954

Mzee wangu, shikamoo. Natumaini kanzu imetakata.

Nilicheka mpaka wenzangu wakauliza nimepata barua au pombe. Halafu kicheko kikakata, maana Hilaria nampenda kweli.

Mzee, ule ni udongo na masizi, niliukoroga kwa maji matupu. Hata mvua ingeufuta. Wanawake wakipamba ukuta hutia utomvu ili rangi ishike. Mimi mwanaume nitajulia wapi? Ndicho anachocheka Hilaria. Sasa Mama Specioza wa hapa kambini amenifundisha kuchemsha utomvu wa mgunga.

Pokea kingine. Kimwagie maji mpaka uchoke. Ukimaliza, kaa nacho kimya.

Ni mimi, nisiye na jina kwako,
Krispini


Kibaoni
20 Juni 1954

Mwanangu Krispini,

Hujambo? Mgongo je?

Nimekimwagia kata nzima ya maji. Evodi akasema kichemshwe, nikamwambia akachemshe kofia yake. Rangi hazikwenda popote.

Basi nikakaa. Mwanzo niliona pembe tu. Baadaye lile duara likanivuta ndani, nikanyamaza. Miaka yote nasalisha watu, sijawahi kunyamaza vile mbele ya Mungu. Mke wangu akadhani naumwa.

Kimekaa ukutani, chini kidogo ya msalaba, usijivune. Lete posa.

Baba mkwe wako,
Rafaeli


Mgodini, Mpanda
18 Julai 1954

Baba mkwe, shikamoo, na mama pia.

Barua yako nimewasomea bweni zima kwa sauti. Mgongo leo hauumi.

Mwambie Hilaria mkataba wangu unaisha Agosti. Wiki ya kwanza ya Septemba, Mungu akipenda, nitashuka kwenye lori hapo Kibaoni.

Mkweo,
Krispini